Mashine ya telegrafu ya babu: weka msasa chini

Marahaba, mwanangu. Umesema umekuta mashine ya telegrafu, ile ya kupeleka ujumbe kwa waya, kwenye sanduku la marehemu babu, aliyefanya kazi stesheni ya Tabora, na unataka kuing'arisha kabla ya kuipeleka makumbusho. Tafadhali, weka msasa chini! Ule weusi juu ya shaba hauna ubaya. Msasa ndio unaokula, na ukipita kwenye namba zilizochongwa umefuta cheti chake cha kuzaliwa. Brashi laini na kitambaa kikavu cha pamba vinatosha. Maji hapana, hasa kwenye zile koili mbili, yaani mizingo ya waya: waya wake umeviringishiwa uzi, nao ukilowa huoza. Fundi akitaka kupiga vanishi kile kitako cha mbao, mkatalie.

Pale kwenye kibonyezo palipolika kwa kidole cha babu paache hivyo hivyo. Mimi ndipo ningepatazama kwanza.

Andika pia alifanya kazi miaka gani. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo mwaka utaonyesha kama alikuwapo reli ilipofika. Kama kuna daftari lake au karatasi za ujumbe wa telegrafu alizopokea, zipeleke pamoja. Na usiondoke bila hati ya makabidhiano yenye sahihi.