Panya wa Santa Marta na Mwaloni wa Chisos

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba huko Amerika kuna panya na mwaloni waliodhaniwa wametoweka kabisa, kisha wakaonekana tena. Je, kati yao ni yupi aliye karibu zaidi na kupotea?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, panya huyo ni panya-miti mwenye shungi jekundu, mkazi wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta nchini Kolombia. Tangu mwaka 1898 wataalamu hawakumwona, hadi usiku mmoja wa Mei 2011 alipojitokeza mlangoni pa nyumba ya wageni katika hifadhi ya El Dorado, akatulia kwa muda wa karibu saa mbili huku watu wawili wakimpiga picha, kisha akarudi zake msituni. Ana ukubwa wa simbilisi, na manyoya mekundu yamemzunguka shingo kama ukosi.

Mwaloni wenyewe, Quercus tardifolia, ni wa milima ya Chisos, Texas, nchini Marekani. Mti uliodhaniwa kuwa wa mwisho ulihesabiwa kuwa umekufa mwaka uleule wa 2011. Mei 2022 watafiti walikuta mmoja katika hifadhi ya Big Bend, wenye urefu wa mita tisa hivi, shina lake likiwa limeungua kwa moto na kushambuliwa na kuvu.

Kwa maoni yangu, mwaloni ndio ulio taabani zaidi. Hakuna panya aishiye miaka 113. Kwa hiyo yule wa El Dorado alizaliwa na wazazi, nao wakazaliwa na wazazi wao, vizazi kwa vizazi, bila sisi kujua, ingawa paka waliogeuka mwitu na ukataji wa misitu vinamtishia kweli. Mti, kwa kuwa huishi miaka mingi, unaweza kusimama peke yake muda mrefu baada ya wenzake kwisha, na kuonekana kwake hakuthibitishi kwamba una ndugu.

Isitoshe, mbegu za mwaloni hazivumilii kukaushwa na kugandishwa ghalani kama tufanyavyo kwa mahindi. Njia mojawapo iliyobaki ni kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo chake kwenye shina la mwaloni wa aina nyingine. Lakini mche utakaopatikana hapo utakuwa ni mti uleule umeongezwa, si mtoto wake.