Adui Mwenye Karatasi Mkononi: Kwa Wanaoanza Kuandika Filamu

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na adui mwenye kovu shavuni, miwani myeusi na cheko la kutikisa mabati. Mwongozaji alisoma kurasa kumi na mbili, akaniuliza, "Huyu bwana anaishi kwa kazi gani?" Sikuwa na jibu. Nilijua anamchukia nani, nilijua atauawa na nani na kwa silaha ipi, lakini kodi ya nyumba anailipaje sikujua. Skripti ikarudi mkobani. Wale mliokulia kwenye vibanda umiza mnajua tulivyozoeshwa: stelingi ana mama, ana mchumba, ana kijiji alichotoka. Adui ana sura tu.

Jibu nilikuja kulipata kwenye filamu za Kijapani za miaka ya 1960, zile za majoka yanayobomoa miji ya maboksi. Nilianza kuzitazama kwa ajili ya majoka, kama kila mtu. Ilinichukua muda kugundua kwamba joka huwa halina kosa. Limeamshwa, limeibiwa, au limepigwa bomu likiwa usingizini. Ukitaka kumjua mkosaji, angalia nani ana mkoba.

Anzeni na Mothra ya 1961, kazi ya kampuni ya Toho, mwongozaji Ishirō Honda, mwandishi wa skripti Shinichi Sekizawa. Adui ni Clark Nelson, raia wa Rolisica. Msiitafute nchi hiyo kwenye ramani. Jina lake limeungwa kutoka Urusi na Marekani, ingawa ukiona miji yake hutasumbuka kujua ni ipi kati ya hizo mbili inayosemwa zaidi. Rolisica imefanya majaribio ya mabomu ya nyuklia katika Kisiwa cha Infant, ikidhaniwa kwamba hakina watu. Kumbe watu wapo, na pamoja nao mabinti wawili pacha wenye kimo cha kama sentimita 30. Mtazamaji wa Kijapani wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa habari za mabomu ya visiwani. Mwezi Machi 1954, wavuvi wa meli ya Daigo Fukuryū Maru walikuwa wameangukiwa na majivu ya bomu la Marekani lililojaribiwa Bikini.

Nelson anafika kisiwani na msafara wa wanasayansi. Akiwaona mabinti wale, mwanaisimu Chujo anataka kuwasikiliza. Nelson anawanyakua. Rudieni hapo mara mbili tatu, mkiwa mmezima sauti. Hakuna hotuba wala muziki wa kutuambia "huyu ni mbaya". Ni mkono tu unaofanya kile ambacho mikono mingine yote haijafikiria kufanya. Wenyeji wanamzunguka wakigonga mawe, anawaachia, na msafara unaondoka.

Halafu linakuja jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita bila kuliona. Wanasayansi wanakubaliana kutotangaza walichokiona, ili kisiwa kiachwe kwa amani. Nia ni njema kabisa, na ndiyo inayompa Nelson mlango. Siri ikishakuwa ya watu wachache, anarudi na genge lake, anawapiga risasi wenyeji na kuwabeba mabinti. Wanaoanza huwafanya wema kuwa wajinga ili adui apate kupenya. Sekizawa amewapa wema wake busara, na adui anapita kwenye busara hiyohiyo.

Tokyo sasa. Hapa ndipo nilipojifunza kazi. Nelson hajifichi pangoni, anakodi ukumbi na kuuza tiketi. Gazeti linapomtuhumu kwamba anawashikilia mabinti bila hiari yao, haendi kumteka mhariri. Anafungua kesi ya kuchafuliwa jina! Ubalozi wa Rolisica nao unasimama upande wake, ukisema mabinti wale ni mali yake. Nilisimamisha filamu nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi ningeandika majambazi wanne wenye mapanga wakivamia chumba cha habari. Kesi ya madai inatisha zaidi. Jambazi unaweza kumpiga, lakini mtu mwenye mhuri wa ubalozi utamfanya nini?

Cheko analo, tena kubwa. Jerry Ito, mwigizaji aliyemcheza, alizaliwa New York na baba Mjapani na mama Mmarekani, na hakumhurumia mhusika wake hata kidogo: anacheka, anafoka, anampiga mtoto anayejaribu kuwafungua wale mabinti. Sisemi basi kwamba adui lazima anong'one. Acheni afoke akipenda. Ila kelele zile zimekalia biashara inayoeleweka, yenye mtaji, wateja na wakili. Ukiondoa cheko la Nelson, uovu wake unabaki palepale. Kwenye skripti yangu, ukiondoa cheko hakibaki kitu.

Tazameni pia onyesho la ukumbini. Mabinti, waliochezwa na pacha waimbaji The Peanuts, wanaimba jukwaani. (Nao ni Ito kwa ukoo, kama Jerry, ila undugu hakuna.) Maneno ya wimbo ni ya Kiindonesia, kwa hiyo watazamaji waliokaa sinema mwaka 1961 hawakuelewa zaidi ya wale walioigiza kuwa watazamaji ukumbini. Wenye suti wanafurahia. Nelson anahesabu viti. Huku nyuma kule kisiwani wimbo uleule ni dua, na yai la Mothra, joka lenye umbo la nondo, linapasuka na kutoa kiwavi. Adui ndiye aliyelipia taa, ukumbi na bendi iliyomwita joka. Miaka mingi niliamini kwamba stelingi ndiye anayepaswa kusukuma hadithi. Hapa waandishi wa habari na mwanaisimu wanahangaika tu nyuma ya matokeo, na kila hatua ya kiwavi kuelekea Tokyo imetoka kwenye uamuzi mmoja wa Nelson: kutowaachia.

Mnampa adui wenu nafasi ngapi za kurudi nyuma? Nelson anapewa nyingi. Mabinti wenyewe wanatoa onyo, tena kwa huruma, wakisikitika kwamba watu wasio na hatia wataumia. Kiwavi kinavuka bahari. Kinaingia mjini na kusuka kifuko chake kwenye Mnara wa Tokyo, mnara wenye urefu wa mita 333 uliokuwa umekamilika 1958 tu, fahari ya taifa zima. Hata Rolisica inageuka na kuamuru mabinti waachiwe. Nelson anakimbia nao kwa ndege. Kila nafasi anayoikataa inamwongezea uzito bila mwandishi kumwongezea kovu.

Mwisho wa filamu una utata kidogo. Mwanzoni mpango ulikuwa kumalizia hadithi Kyushu, kusini mwa Japani, lakini Columbia Pictures iliyokuwa na mkataba wa kuisambaza nje ilitaka mji wa kigeni ubomolewe, ndipo ikajengwa New Kirk City, mji wa Rolisica. Kwa macho ya mtu wa skripti, mshono unaonekana, kwani sehemu ya mwisho inakwenda mbiombio. Hata hivyo kuna jambo moja ninalipenda mno. Mothra hamgusi Nelson. Watu wa mtaani wanamtambua, anababaika, na polisi wa Rolisica wanampiga risasi. Nchi iliyomgongea mhuri ndiyo inayommaliza, tena haraka, kama mtu anayefuta saini yake.

Miaka mitatu baadaye, 1964, Honda na Sekizawa walirudi kwenye shamba lilelile na Mothra dhidi ya Godzilla. Kama mna usiku mmoja tu, tazameni hii. Yai kubwa linasukumwa na dhoruba mpaka pwani ya wavuvi. Mfanyabiashara Kumayama analinunua kwa zaidi ya yeni milioni 1.2, bei iliyopatikana kwa kupigia hesabu ya mayai ya kuku. Hesabu ile ina kichekesho, na inaeleza kila kitu: yai la kiumbe kinachoabudiwa limepimwa kwa bei ya gengeni. Nyuma ya Kumayama kuna Torahata, mwenye fedha. Majina yenyewe yanatania, kwani kuma kwa Kijapani ni dubu na tora ni chui milia. (Ukisoma neno hilo la kwanza darasani Dar es Salaam, jiandae.) Torahata amechezwa na Kenji Sahara, aliyekuwa stelingi wa filamu ya Rodan mwaka 1956, na sura ileile nzuri ya kuaminika sasa inakopesha kwa riba.

Waovu wawili ni bora kuliko mmoja kwa sababu wanaweza kudaiana. Wavuvi hawajalipwa chote, Kumayama anadaiwa, Torahata ameshika rehani. Deni linapanda ngazi mpaka chumba cha hoteli, ambako wawili hao wanapigana kwa ajili ya fedha za kwenye sefu. Torahata anampiga mwenzake risasi na kuanza kukusanya noti, na Godzilla yuko dirishani. Angekimbia mara moja, pengine angepona. Hoteli inamwangukia. Mwandishi hakuhitaji kumhukumu. Alihitaji kujua tu kwamba mtu huyu atainama kuokota.

Onodera wa Gamera dhidi ya Barugon (1966, kampuni ya Daiei) nitampitia haraka. Anamwona nge akimpandia mwenzake na anakaa kimya. Kwa ukatili wa kukaa kimya, sijaona mfano ulio bora. Baada ya hapo filamu inamgeuza kuwa mtu wa kupiga kila anayemkaribia, na kumaliza kwa kumezwa na joka akiwa na almasi mkononi. Mngeweza kuishia kwenye kimya kile.

Mtaniuliza kuhusu wanasayansi waovu, maana kila darasa huuliza. Linganisheni kazi mbili za mwigizaji mmoja, Akihiko Hirata. Katika Godzilla ya 1954 ni Serizawa, anayechoma karatasi za uvumbuzi wake na kufa nao baharini ili usije ukatumika vitani. Katika filamu ya mwisho aliyoongoza Honda, 1975, ni Mafune, mtaalamu aliyefukuzwa na wenzake, anayewapa wageni kutoka anga za juu elimu yake yote ili alipize kisasi. Mafune ana huzuni ya kweli, mke amefariki, binti amegeuzwa nusu mashine. Mimi bado namwona dhaifu kuliko Nelson. Huzuni yake inatuomba tumsamehe kabla hajafanya lolote. Skripti ile iliandikwa na Yukiko Takayama, aliyepatikana kwenye shindano la waandishi, na wanafunzi wangu wengine humtetea Mafune kwa nguvu. Endeleeni kubishana na skripti ile, mtajifunza.

Kazi ninayowapa wanaoanza ni hii. Kabla ya sini ya kwanza, andikeni karatasi tatu za adui wenu: risiti moja, barua moja aliyomwandikia mtu wa serikali, na deni moja ambalo hajalipa. Msiandike tabia zake. Zikishindikana karatasi hizo, adui bado hajazaliwa na msimpe silaha.

Skripti yangu niliiandika upya mwaka uliofuata. Yule mwenye kovu akawa mnunuzi wa mazao, mpole, mwenye mizani iliyochezewa na stakabadhi zilizopangwa vizuri kwenye faili la bluu. Nilimpelekea mwongozaji yuleyule. Safari hii alifika ukurasa wa arobaini ndipo akainua kichwa, akaniuliza kama faili lile lazima liwe la bluu.