Kuhusu kifo huku Liège, Ubelgiji: jibu kwa ndugu zangu wa Bukavu

Shangazi, pamoja nanyi nyote wa Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, baada ya matanga ya baba mkubwa mlinitumia ujumbe wa sauti mkiuliza kama ni kweli Wazungu hawalii wafu wao, na kama huwachoma wazee wao sindano ili wafe. Nawajibu kwa maandishi, kwa kuwa simu hukatika kila tunapofika penye uzito.

Nianze na sindano. Tangu mwaka 2002 sheria ya Ubelgiji inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, lakini mwenye kuomba ni mgonjwa mwenyewe, kwa maandishi, akiwa anateswa na ugonjwa usiopona na maumivu yasiyovumilika. Daktari wa pili hana budi kumwona, na kifo kisipokuwa karibu huhitajika wa tatu, pamoja na kusubiri mwezi mzima. Watoto hawawezi kumwombea mzee wao. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika nyumba ya wazee, na walioomba hivyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi Mkatoliki sikubaliani na jambo hilo, ila si haki kuliita mauaji ya mafichoni.

Kilichonishangaza zaidi ni karatasi. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia alinionyesha, huku akinywa kahawa, bahasha yenye nyimbo za mazishi yake, maelezo ya gauni atakalovishwa, na risiti ya jeneza alilokwisha kulilipia. Nilitaka kumnyamazisha, kama mama alivyokuwa akitunyamazisha tulipotaja kifo mezani: "Usijiitie!" Alicheka, akaniuliza kama kwetu watu hawafi. Nilikosa la kusema, kwa sababu baba alipofariki hakuna aliyejua hati ya kiwanja iko wapi wala nani anatudai, na mnakumbuka jinsi kilio kilivyogeuka ugomvi.

Bibi yule alipofariki, chumba chake kilipata mtu mwingine kabla hajazikwa. Mazishi yalikuja baada ya wiki moja: watu 11, dakika 40, kisha kahawa na mikate. Hakuna aliyepiga yowe. Mwanawe nilimkuta baadaye kwenye maegesho, analia ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Kwa hiyo msiseme hawalii. Wanalia bila shahidi, jambo ambalo naliona gumu kuliko kilio chetu, maana kwetu watu hulala uani, hupika, huimba, hata kuteta, na mfiwa hapati nafasi ya kuzama peke yake. Kifo cha wengi harusi, tulisema. Huku nimeona cha mmoja kilivyo. (Mwili wake ulichomwa, kama ya zaidi ya nusu ya wanaofariki hapa. Shangazi, usishtuke: Kanisa letu liliruhusu tangu 1963, ingawa bado linapendelea kuzika.)

Wala msidhani wametushinda kwa hekima. Mtu hupanga kifo chake pale ambapo kifo kimezoea kupiga hodi. Bibi alikuwa na miaka 91 ya kuandika bahasha yake. Waliouawa mji wetu ulipotekwa Februari 2025 hawakupewa hata dakika ya kufunga mlango.

Nilipofiwa na mama, sheria ilinipa siku 3 za mapumziko, nami nilizimaliza nikiwa nimekodolea simu macho. Nilimwona akishushwa kaburini kwenye kioo kidogo kuliko kiganja changu, na picha ikakwama kabla udongo haujamfunika. Siku ya nne nilikuwa kazini nikiwaogesha mama za wengine.

Mmeniuliza pia nitazikwa wapi, na hilo nawajibu bila kuficha: bahasha yangu nimekwisha kuiandika, nami nitazikwa huku. Kusafirisha mwili ni maelfu ya euro, na nimeshuhudia wenzetu wakichangisha wiki baada ya wiki huku marehemu akisubiri kwenye jokofu. Michango yangu itumwe kwenu ilipe karo za watoto. Matanga tu ndiyo nayataka Kadutu, uani kwa mama, siku zote zinazostahili na kwa sauti kubwa, hata kama hapatakuwa na mwili.