Watoto wa paka waliofiwa na mama

Mama, paka wetu amegongwa na pikipiki hapa Kadutu, Bukavu. Ameacha watoto watatu, macho bado yamefumba. Niwape maziwa ya ng'ombe?

Pole sana, binti yangu. Ya ng'ombe usiwape, yatawaharisha. Muulize daktari wa mifugo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Lakini joto kwanza! Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, na baridi yetu ya usiku unaijua. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitenge kikuukuu, uwalaze kandokando. Wanyweshe kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku, wakilalia tumbo. Ukiwalaza chali maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Kisha wapanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana peke yao bado hawawezi kukojoa. Asiyetaka kunyonya, usingoje kesho: mpeleke kwa daktari.