Misheni ya Bagamoyo: maswali yenu kuhusu nyumba ya mapadre na bustani zake

Kila shule zinapokaribia kufungwa, maswali kuhusu Misheni ya Bagamoyo, ile ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, huongezeka. Nimechagua yale yanayojirudia.

Tunatoka Dar asubuhi na kurudi jioni. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, magofu ya Kaole na Misheni, vyote vitawezekana?

Vitawezekana, ila mtakuwa watu wa kupanda na kushuka garini tu. Kaole iwekeeni siku yake. Asubuhi nendeni Misheni kabla jua halijawa kali, mchana mpite Mji Mkongwe, ambako vibaraza na milango ya nakshi viko karibukaribu. Na kama mna nafasi ya kuchagua, epukeni masika.

Ile nyumba kubwa ya mapadre ilijengwa lini, na nani?

Ujenzi ulianza mwaka 1873. Aprili ya mwaka uliotangulia kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilipiga na huku, kikaangusha majengo mengi ya Misheni. Nyumba ilikamilika mwaka 1903, kwa hiyo mnachokiona ni kazi ya miaka 30. Msikimbilie mlangoni. Simameni kwanza uwanjani muitazame yote, ghorofa kwa ghorofa, na yale matao ya baraza yanavyoachia upepo wa bahari upenye.

Swali la "nani" ndilo ninaloomba mlibebe mnapoingia. Mapadre walifika kutoka Unguja mwaka 1868, na wakakusanya hapa watu waliotolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Kikaota kijiji kizima cha waliokombolewa. Hao ndio waliofyeka, wakalima na kupanda. Majina ya mapadre yameandikwa. Ya wengi wa watoto wale hayakuandikwa popote. Mwongozaji akiwaambia "mapadre walipanda", muulizeni jembe lilishikwa na nani. Ni swali la haki, na waongozaji wazuri hulipenda.

Bustani yenyewe ina nini? Mke wangu anapenda maua, mimi nataka historia.

Basi mmepata mahali penu, maana historia ya pale imeota mizizi. Anzeni na njia ya miembe iliyopandwa mwaka 1871, inayoelekea baharini, kwenye msalaba wa ukumbusho wa kufika kwa wamisionari. Ni miembe mikubwa, mashina yamekunjamana, matawi yameshikana juu hata adhuhuri mnatembea kivulini. Tembeeni kwa miguu. Gari likikanyaga mizizi kila siku udongo hushindiliwa, maji hayapenyi, na mti wa umri ule haupandwi upya ukaupata ukubwani.

Halafu kuna hadithi ya kahawa. Wamisionari hawa walileta mbegu kutoka kisiwa cha Réunion. Pwani haikuwa makao yake, lakini wenzao wa shirika hilohilo waliifikisha Kilema, Kilimanjaro. Mchaga anayetembelea Bagamoyo yuko kwenye njia ya kahawa ya babu yake.

Mbuyu uliomeza mnyororo ni kweli au ni maneno ya kuwavutia watalii?

Mnyororo upo. Sogeeni muone: kipande kifupi chenye kutu kinachungulia kwenye gome, kingine chote kimo ndani. Husimuliwa kwamba Bi. de Chevalier, aliyehudumia wagonjwa hapo Misheni, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mti huo, na mnyororo ukaachwa. Shina la mbuyu hunenepa mwaka hadi mwaka. Chuma hakitanuki, gome likakifunika. Watu wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Siyo. Na tafadhali, watoto wasichonge majina. Gome lile limeshachoka na visu.

Mimi ni Mwislamu, naruhusiwa kuingia?

Karibu sana, ndugu yangu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu na Misheni ina majirani Waislamu tangu siku ya kwanza. Vaa kwa heshima kama unavyovaa kwenda kwa wakwe, inatosha.

Ni kweli Livingstone amezikwa pale?

Hapana. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake hukohuko, wakaubeba mwili kwa miguu hadi pwani. Ulifikishwa Misheni Februari 1874, ukalazwa katika kanisa la zamani lenye mnara, kisha ukapelekwa Unguja na hatimaye London, ulikozikwa Westminster Abbey. Mnara bado umesimama. Mkifika chini yake, watajeni Susi na Chuma kwa watoto wenu.

Tunataka kupiga picha za harusi kwenye miembe. Inafaa?

Inafaa, na kivuli kile kinapendeza. Ombeni ruhusa ofisini mapema, msiende Jumapili wakati wa misa, na mpiga picha asiwapandishe kwenye matawi. Makaburini msipige. Wamelala pale wamisionari wengi waliofariki wakiwa bado vijana, wengi kwa homa. Kama bibi harusi anataka bahari nyuma yake, fuateni miembe mpaka msalabani. Saa kumi na moja jioni jua liko mgongoni mwa mpiga picha na maji yanang'aa vizuri.