Kiingereza cha shilingi moja kwa mwezi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ni mtu gani maarufu ambaye maisha yake yanaweza kumfaa anayejifunza Kiingereza akiwa ughaibuni? Najua wengi watawaletea jina la Abdulrazak Gurnah, na wana haki. Mtoto wa Unguja, Nobeli ya fasihi ya 2021, nani asione fahari? Lakini Gurnah alipotua Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, Kiingereza alikuwa ameshakisoma shuleni kwao. Mimi nilifika Grimsby nina miaka 31 na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Nilihitaji mtu aliyeanzia chini kama mimi, na huyo ni Joseph Conrad, baharia aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya za Kiingereza.

Sikumjua kwa kusoma. Nilitajiwa na dada mmoja Mpolandi tuliyekuwa tunasimama mkabala kwenye mkanda wa samaki, kiwandani. Yeye hakumwita Conrad, alimwita Korzeniowski, jina lake la kwao. Siku hiyo msimamizi alikuwa amenifokea mbele ya watu kwa sababu aliniagiza jambo nami nikafanya kinyume chake. Dada yule akasubiri mapumziko ya chai, akaniambia kwa Kiingereza chake kilichokuwa kinachechemea kama changu: "Mtu wetu mmoja alianza na miaka ishirini. Kwenye meli ya makaa."

Nikamtafuta. Alizaliwa Desemba 1857 Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine, katika familia ya Kipolandi chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alipelekwa uhamishoni kwa siasa, mama akafa, baba naye akafa, na mtoto akabaki yatima ana miaka 11, akalelewa na mjomba. Mwaka 1874 akaenda Marseille kuwa baharia na akaishi na Kifaransa. Kiingereza cha kwanza kuelekezwa kwake yeye mwenyewe alikisikia hapo hapo bandarini: alikuwa kwenye mashua ya marubani wa meli, wakaikaribia meli ya Kiingereza, jamaa mmoja wa juu akarusha kamba huku akiguna "Look out there", yaani we, angalia hapo! Hakuna cha "habari za asubuhi". Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana na mimi salamu yangu ya kwanza kiwandani ilikuwa ya namna hiyo.

Juni 1878 akashuka Lowestoft, pwani ya mashariki ya Uingereza, ana miaka 20 na maneno machache tu. Kuanzia Julai mpaka Septemba akafanya kazi kwenye merikebu ndogo iliyoitwa Skimmer of the Sea, ikisomba makaa ya mawe kutoka Newcastle kuteremka Lowestoft. Mshahara, shilingi moja kwa mwezi. Hata kwa pesa ya wakati ule hiyo ni sawa na bure. Ila yeye baadaye aliwakumbuka mabaharia wale kwa mapenzi, watu wenye miili iliyojengwa kama ya kudumu milele na rangi kama za kadi ya Krismasi, na akasema ndio waliomwanzishia Kiingereza. Njia yao baharini ilikuwa inapita mbele ya mdomo wa mto Humber, hapa hapa nilipo. Nikitoka shifti ya usiku naiona bahari ile, ya kijivu, haina hata chembe ya undugu na bahari ya Tanga.

Sasa, kilichonigusa ni hiki. Mimi jioni nilikuwa nasoma darasa la Kiingereza ambalo silitaji jina. Miezi minne tulijaza vitenzi katika nafasi zilizoachwa wazi. Nilipata alama nzuri. Asubuhi naingia kiwandani, msimamizi ananiambia "now then", nami nasimama nimekauka, nadhani nimekosea kitu. Katika kamusi, "now" ni sasa na "then" ni halafu. Sasa halafu nini? Wiki nzima nikawa naomba radhi kila asubuhi, mtu mzima, hadi dada wa Kipolandi akanivuta kando: hiyo ni salamu ya watu wa huku, anakuambia mambo vipi. Darasani hayakuwemo.

Conrad alikuwa na kamba mkononi neno linapotamkwa. Ukikosea kamba, unaliona kosa lako papo hapo, na neno halitoki tena kichwani. Nikaanza kufanya hivyo: kisu, buti za mpira, aproni, barafu, mnofu, mfupa, kila kitu nakiomba kwa jina lake hata kama naweza kukifikia mwenyewe. Wenzangu walidhani nimekuwa mvivu.

Lakini msidanganyike na wale wanaosimulia maisha yake kama hadithi ya sungura. Wanasema: tazama, alianza akiwa na miaka 20 na akawa bingwa, basi na wewe utaweza. Wanaruka kwamba baba yake alikuwa mfasiri wa Shakespeare na Victor Hugo kwa Kipolandi, na kwamba mtoto yule alikuwa akisoma kurasa za tafsiri hizo nyumbani kabla hajaota ndevu. Alikuja na njaa ya vitabu tayari. Meli yake iliposhikwa na matengenezo katika bandari ya Falmouth, alikuwa anasoma Shakespeare mzima katika kitabu kimoja cha shilingi tano. Hesabuni wenyewe: mshahara wa miezi mitano wa ile merikebu ya makaa. Na hata hivyo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1895, miaka 17 baada ya Lowestoft. Katikati ya hapo kuna mitihani ya uafisa na ya unahodha ambayo hakuipita yote mara ya kwanza. Cheti cha unahodha alikipata 1886.

Na lafudhi je? Haikumtoka mpaka anazikwa Canterbury mwaka 1924, mji ule ule ambao Gurnah alikuja kusomesha chuo kikuu. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyemfahamu vizuri, ameandika kwamba maneno mengi Conrad aliyajua kwa macho kabla ya masikio, kwa hiyo "these" na "those" aliyatamka pamoja na ile e ya mwisho. Wasomaji wenzangu, si ndivyo tusomavyo sisi? Kwetu herufi ikiandikwa inatamkwa, hakuna ya kukaa bure. Nilipoomba nguo kavu nikasema "klodhesi" kwa "clothes", watu wa zamu mbili walinirudishia neno hilo kwa mwezi mzima. Niliona aibu sana wakati ule. Siku hizi najiambia, kama mwenye riwaya ya *Lord Jim* alikufa na lafudhi yake, mimi ni nani?

Lakini simtetei kwa kila kitu. Mwaka 1890 alikwenda Kongo, akapanda mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani, eneo ambalo Tippu Tip wetu alikuwa amefanywa gavana tangu 1887. Kutokana na safari ile aliandika riwaya ambamo Waafrika karibu hawasemi kitu. Mtu aliyepata tabu ya kujifunza lugha ya wengine namna ile, halafu wenyeji wa Kongo akawaacha bila ulimi! Chinua Achebe alimshambulia kwa hilo mwaka 1975, na mimi niko upande wa Achebe.

Hata hivyo safari ile ina jambo moja ninaloliiga. Mabosi wake walisema Kifaransa. Mjomba alimwandikia kwa Kipolandi, na jamaa yake wa Ubelgiji, aliyemwita shangazi, kwa Kifaransa. Lakini daftari lake la mfukoni, aliloandikia mwenyewe akitembea kutoka Matadi, aliliandika kwa Kiingereza: kambi, mbu, maji mabaya, usingizi haba. Kiingereza chenye makosa na harufu ya Kifaransa, cha mtu asiyetarajia kusomwa. Nami nina daftari hilo, liko mfuko wa ndani wa koti, limeshika harufu ya samaki. Ukurasa wa jana una mistari mitatu, miwili kuhusu mvua.

Juzi msimamizi kanipigia ile "now then" yake, nami nikamrudishia "now then". Akasimama. Akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikamwambia Tanga, Ngamiani. Akajaribu: Engamiani. Nikamwambia hapana, ng, ng. Mara nne. Mkanda ulikuwa umeshaanza kwenda, samaki wanapita, na yeye bado yuko kwenye ng.

Msomaji wenu, Grimsby