Mzani, Siku ya Malipo na Simu ya Mama: Ushauri kwa Anayetaka Biashara Yake Iibadili Jamii

Vijana wengi wanaonijia kuuliza namna ya kuanzisha biashara yenye manufaa kwa jamii huja na andiko zuri lenye dira, dhamira na picha za akina mama wanaotabasamu. Mimi huwauliza mzani ni wa nani, malipo hutoka siku gani, na fedha huingia kwenye simu ya nani, na wengi huwa hawajafika huko. Nimekuwa nikinunua mwani Mlingotini na katika vijiji vya jirani, kusini mwa mji wa Bagamoyo, na kuugeuza sabuni na unga, kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mabadiliko ambayo mjasiriamali anaweza kuyaleta yamo ndani ya kanuni zake za malipo kuliko ndani ya kaulimbiu iliyochapwa kwenye boksi la sabuni.

Niseme kwanza jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu ushauri wangu wote umetoka humo. Kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, kisha kikaenea katika pwani ya bara, na hadi leo wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Kazi hufuata mwezi: bamvua likifika na maji yakapwa sana, mama huingia shambani, hufunga vipande vya mbegu kwa taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia, kwenye kamba zilizokazwa kati ya vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvuna, akauanika, akangoja mnunuzi. Sehemu kubwa ya mwani huo husafirishwa nje ukiwa umekaushwa tu, na huko hutolewa karajini, kitu kinachozipa uzito bidhaa kama aiskrimu na dawa ya meno. Kwa miaka mingi mtindo uliozoeleka umekuwa kwamba mnunuzi humpa mkulima kamba, taitai na mbegu, na mkulima naye hutakiwa kumuuzia yeye peke yake kwa bei anayoipanga yeye. Siwalaumu wanunuzi hao moja kwa moja, kwani bila kamba zao vijiji vingi visingelima kabisa. Lakini mwenye kamba ndiye mwenye bei, na hapo ndipo mama anayeshinda majini anapogeuka kibarua katika shamba analoliita lake.

Jambo hili si la pwani yetu pekee. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong nchini Bangladesh, alikuta katika kijiji cha Jobra mafundi wa viti vya mianzi waliokopa fedha za kununulia mianzi kwa mfanyabiashara, kwa sharti la kumuuzia yeye viti hivyo kwa bei yake. Alitoa mfukoni dola 27, zikatosha kulipa madeni ya watu 42. Hapo ndipo ulipoanzia mpango uliokuja kuwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Watu hukumbuka habari ya mikopo. Mimi nakumbuka zaidi lile sharti la mianzi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tenganisha deni la pembejeo na haki ya kuuza. Ninapompa mkulima kamba, huiandika katika daftari kwa shilingi, pamoja na muda wa kulipa, na akitaka kunilipa kwa fedha alizopata kwa mnunuzi mwingine, nazipokea bila kununa. Wafanyabiashara wenzangu huniambia kwamba ninajitafutia hasara. Hasara ipo, lakini ni ndogo kuliko wanavyodhani, kwa sababu mtu anayejua kwamba anaweza kuondoka huwa na sababu chache za kukukimbia na deni lako.

Mzani unastahili maneno mengi zaidi, maana hapo ndipo imani hujengwa au huvunjwa. Hakikisha mzani wako umekaguliwa na Wakala wa Vipimo na una alama yake, kisha usiishie hapo, kwa kuwa alama hiyo mama wa kijijini hana namna ya kuipima. Sisi huweka kando ya mzani mfuko wa unga wa kilo 5 uliofungwa kiwandani, na yeyote anayetaka huupandisha mzani kabla ya mzigo wake kupimwa. Mwanzoni kila mmoja aliupima. Sasa hupimwa na wageni tu, na vijana wanaopenda kubishana. Uso wa mzani huelekezwa kwa muuzaji, na namba huisoma yeye kwa sauti kabla ya karani kuiandika.

Hata hivyo ugomvi mkubwa wa biashara hii hauko kwenye kilo bali kwenye unyevu, kwa sababu mwani usiokauka vizuri una uzito wa maji na mwani ulioanikwa chini una uzito wa mchanga. Mnunuzi akijikatia tu kilo kadhaa "za maji" bila maelezo, amekwisha kuwa mwizi machoni pa watu, hata kama hesabu yake ni sahihi. Tulikubaliana hadharani jinsi ya kukagua: kiroba kinamwagwa juu ya turubai, mwani unakung'utwa, mchanga unaodondoka unapimwa mbele ya mwenyewe, na konzi moja inabanwa kiganjani kuona kama inaacha majimaji. Mwani ulioanikwa juu ya chanja tunaununua kwa bei ya juu kuliko wa mchangani. Tofauti hiyo ya bei imeleta chanja nyingi kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria, na chai yake.

Kuhusu siku ya malipo sina mjadala: lipa siku ile ile unayopima. Anayesema atalipa mzigo ukishauzwa amekopa kwa maskini bila riba, tena bila kuomba. Kwa mama ambaye hajalipwa, ada ya mtoto, dawa na mlo wa usiku havingoji, na anayemngoja mlangoni ni mkopeshaji wa kausha damu, mwenye masharti ya marejesho ya kila siku au ya kila wiki, ambaye akikosa kulipwa huondoka na godoro au televisheni. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayowataka wakopeshaji wawe na leseni, lakini sheria haiwezi kumsaidia sana mtu ambaye mnunuzi wake anamlipa baada ya miezi. Kama mtaji wako hautoshi kulipa papo hapo, nunua kidogo. Mzigo mkubwa wa deni unaweza kukufanya uonekane tajiri ghalani huku kijiji kizima kikiwa kimekopa kwa ajili yako.

Suala la simu lilinifundisha mengi. Tulipoamua kulipa kwa njia ya simu, ili fedha taslimu zisipite katika mikono mingi, tuligundua kwamba baadhi ya wakulima walikuwa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto wa kiume, kwa kuwa wao wenyewe hawakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na bila hiyo laini haisajiliwi. Hivyo kazi yetu ya kwanza ya kijamii, kama nistahili kuiita hivyo, ilikuwa kupanga foleni ya vitambulisho: kujaza fomu, kufuatilia vyeti vya kuzaliwa, kugharimia nauli ya kwenda na kurudi mjini. Mzee mmoja alinijia kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, kwani fedha hiyo ikipita kwangu itapotea?" Nikamjibu, "Haitapotea, mzee wangu, ila hesabu ya mwani anayo mama." Akacheka, akasema hilo ni kweli, kwa sababu yeye hajawahi hata kufunga taitai. Nakushauri uzungumze na waume mapema na kwa heshima, ukiwa umekaa nao barazani, kabla hawajasikia habari hiyo kwa mtu mwingine. Ukificha, mama ndiye atakayelipa gharama ya siri yako.

Liko pia jambo la bahari yenyewe kubadilika. Mwani mnene, wenye bei nzuri, hushambuliwa na maradhi na kufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, na wengi wamebaki na mwani mwembamba wa bei ya chini. Mtafiti Flower Msuya, aliyefanya kazi ya mwani Zanzibar kwa miaka mingi, amehimiza kuulima katika maji yenye kina zaidi kwa kutumia nyavu za umbo la mrija. Ni njia nzuri, lakini kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijijini kwetu hawakufundishwa kuogelea. Usipoangalia, teknolojia mpya itahamisha zao kutoka kwa wanawake waliolilea na kulipeleka kwa wanaume wenye ngalawa. Mafunzo ya kuogelea na sehemu ya gharama ya chombo yaingie katika hesabu ya biashara, kama inavyoingia kostiki soda ya sabuni.

Mtaji wa kikundi unaweza kuanzia halmashauri, ambayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo anayepanga biashara asiitegemee peke yake. Ukitaka kusindika, nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mapema wakupe mafunzo na barua ya utambulisho, kisha uanze safari ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia vyakula na vipodozi.

Msimu uliopita mnunuzi mwingine alikuja na bei iliyozidi yangu, na wakulima wengi wakamuuzia yeye. Kabla ya kuondoka alitakiwa kuupandisha mfuko wa kilo 5 kwenye mzani wake, na kulipa siku hiyo hiyo kwenye simu ya kila mmoja. Alilalamika kwamba kijiji hiki kina masharti mengi, lakini alilipa. Mimi nilinunua kilichobaki kwa bei waliyoitaka wao, nikapandisha kidogo bei ya sabuni.